Pikipiki Iliyowakia Kifuani mwa Shangazi

Baada ya chakula cha mchana Mzee Nati alivaa viatu vyake vya ngozi, kwa sababu kiki ya pikipiki ya zamani ikirudi nyuma haina huruma na mguu uliovaa kandambili. Akatoka uani, akafungua koki ya mafuta, akasubiri kidogo, akapanda na kupiga kiki kwa nguvu zake zote. Pikipiki ilinyamaza. Ng'ambo ya ua, jikoni kwa dada yake, injini iliwaka.

Iliwaka vizuri, kwa kiki ya kwanza. Shangazi, maana mtaa mzima ulimwita hivyo, alikuwa akimenya viazi. Aliweka kisu chini kwa sababu mkono ulianza kutetemeka, akashika ukingo wa meza, akangoja mngurumo utulie kifuani mwake. Vikombe vilivyoning'inia ukutani viligongana. Moshi mwembamba wa buluu ulimtoka puani, ukinukia oili mpya.

"Wifi, umewaka," alisema mke wa Mzee Nati, aliyekuwa amekuja kuazima mwiko.

"Nimesikia."

"Nikupunguzie jiko?"

"Punguza. Na ukirudi mwambie mumeo asisahau ufunguo kama juzi."

Juzi Mzee Nati alipiga kiki, akaona pikipiki kimya, akakasirika, akaingia ndani kusikiliza taarifa ya habari bila kuzima switchi. Shangazi alinguruma mpaka wakati wa chakula cha jioni. Alikunywa supu yake hivyo hivyo, nusu mdomoni nusu kifuani, na paka wake akaenda kulala kwa jirani.

Pikipiki yenyewe, tusiinyime haki yake, ilikuwa imependeza kuliko kitu chochote katika ua ule. Miaka mingi ilikaa stoo chini ya turubai, na kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti chake. Kisha Mzee Nati akastaafu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa msoma mita wa idara ya maji, anaingia nyumba za watu, anainama, anasoma namba, anaaga. Alipostaafu alinywea. Alikaa kwenye kiti getini kutwa nzima, anaitikia salamu, hana neno. Mkewe alianza kumwamsha usiku kuhakikisha anapumua. Hadi asubuhi moja akaiburuta ile pikipiki nje, akawafukuza kuku, akaomba spana, na tangu siku hiyo akawa mtu tena. Akaanza hata kugombana, jambo ambalo mkewe alilishukuru.

Jina la Nati alilipata wakati huo. Hakutupa nati hata moja. Alizikusanya katika makopo ya maziwa, akaziosha kwa mafuta ya taa, akazirudisha kila moja mahali pake. Alibadilisha spoki, akazibua matundu ya kabureta kwa uzi wa waya, akatengenezewa gasketi kwa fundi viatu. Tangi alilipaka rangi ya damu ya mzee, kisha akachora mstari wa dhahabu pembeni huku amebana pumzi.

"Mimi huyu," mkewe aliwaambia majirani, "mgongo unaniuma mwaka wa ngapi sasa, hajanipaka hata mafuta."

Jumapili ile kungekuwa na maonyesho ya pikipiki za zamani katika uwanja wa shule. Sharti lilikuwa moja: pikipiki iwake yenyewe na izunguke uwanja mzima bila kusukumwa. Wenzake wa idara ya maji walikuwa wameahidi kuja. Mzee Nati alitaka wamwone. Alitaka hivyo kwa moyo wake wote, kama mtoto anavyotaka kitu, na hakujua kuficha. Kila jioni aliufungua mlango wa stoo, akaitazama ile mashine, akaufunga tena polepole.

Anayejua injini hutafuta vitu vitatu: moto, mafuta na hewa. Mzee Nati alivitafuta. Alichomoa plagi, akailaza juu ya chuma, akapiga kiki, na cheche ikaruka, ya buluu, yenye afya. Akafungua bomba, na petroli ikatoka safi. Akachungulia kichujio cha hewa, hakina hata vumbi. Akaziba tundu la plagi kwa kidole gumba, na mgandamizo ukakisukuma kidole nje. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa kuwaka.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo lingeweza kufanyika katika ua ule tu. Kwa kuwa pikipiki haikuwa ikimwambia kitu, alianza kuitengeneza kwa kumsikiliza dada yake.

"Dada!" alipaza sauti kutoka uani, bisibisi mkononi. "Ikoje?"

"Inakohoa," alijibu Shangazi dirishani.

Alikaza skrubu ya kabureta kidogo. "Na sasa?"

"Haikohoi, lakini nasikia joto. Kooni."

Akailegeza robo. "Sasa?"

"Hapo. Hapo hapo usiguse."

Kwa njia hiyo, kufikia Alhamisi, Shangazi alikuwa akinguruma taratibu, bila moshi, bila kutetemesha hata kijiko. Alifuma kitambaa akiwa anawaka. Pikipiki, upande wake, ilikuwa ya baridi kama chungu cha jana, ingawa petroli kwenye tangi ilipungua sawasawa. Binti wa Mzee Nati, ambaye alikuwa msusi na saluni yake ilitazama barabara, alikuja na taulo zake mbichi za saluni akazitandaza mabegani mwa shangazi yake.

"Shangazi, usizime kwanza. Nina mteja anasubiri."

"Mimi sizimi wala siwashi, mwanangu. Muulize baba yako."

"Wewe unajisikiaje lakini?"

Shangazi aliwaza. "Najisikia kijana," alisema. "Na inaniudhi."

Ijumaa Mzee Nati alimeza kiburi chake akamwita Fundi Masikio. Fundi huyu hakuwa na masikio makubwa. Aliitwa hivyo kwa sababu hakufungua injini yoyote kabla ya kuisikiliza, na akiisikiliza hapendi umwongeleshe. Alifika na begi lake, akaizunguka pikipiki, akaisifu rangi, akamwomba Mzee Nati apige kiki. Mzee Nati akapiga. Fundi akageuza kichwa kuelekea jikoni kwa Shangazi, akachukua bisibisi yake ndefu na kitambaa safi, akavuka ua.

"Hodi. Samahani, Shangazi, naomba nikusikilize mgongoni."

"Endelea tu, baba. Ila mkono wako uwe na joto."

Fundi aliweka kitambaa begani, akaegemeza ncha ya bisibisi juu yake, akatia mpini sikioni. Akafumba macho. Mke wa Mzee Nati alizima redio. Binti alisimama mlangoni na kitana mkononi.

"Valvu nzuri," alisema Fundi. "Pistoni nzuri. Kuna mlio kidogo huku chini kushoto."

"Huo ni wa mafua ya mwaka jana," alisema mke wa Mzee Nati.

"Basi hauna neno." Fundi akafungua macho. "Injini hii haina ugonjwa, mzee. Ningekuwa wewe nisingeigusa hata kidogo. Iko mahali pake. Pikipiki ndiyo iko kwingine."

"Sasa nifanyeje?"

Fundi alikuwa akikunja kitambaa chake. "Kwani pikipiki hii ilikuwa ya nani, mwanzo?"

"Ya marehemu baba," alisema Mzee Nati.

Injini ilikata mara moja, ikapiga chafya, ikaendelea. Kikombe kimoja kilianguka kutoka kwenye msumari wake. Fundi Masikio, ambaye kazi yake ni kusikia, alisikia. Alikunywa chai aliyopewa, akakataa ujira, akaaga kila mtu kwa mkono, na Shangazi akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

Sasa jambo lenyewe ni hili, na kila mtu mzima katika ua ule alilijua, ila lilikuwa limewekwa mahali ambapo halimkwazi mtu. Shangazi alipokuwa msichana alifanya kazi bekari. Pikipiki ile aliinunua yeye, kwa jasho lake, na ndiye aliyepeleka mikate madukani na majumbani kabla jua halijapanda, makreti yamefungwa nyuma kwa kamba, na mdogo wake ameketi mbele yake juu ya tangi kwa sababu nyumbani alikuwa akilia akiachwa. Kila asubuhi aliyatazama masikio ya yule mtoto mbele yake, mekundu kwa baridi. Siku moja aliteleza kwenye lango la bekari, akalijeruhi tangi kwa goti, bonde likabaki. Mtoto hakuumia, maana alimkumbatia.

Mtoto akakua, akapata kazi ya mita. Jioni moja mezani baba yao akasema, "Mpe mdogo wako hiyo pikipiki. Yeye ana kazi ya kuzunguka. Wewe utaolewa, mumeo atakuendesha." Shangazi akauweka ufunguo mezani, karibu na chumvi. Bekari wakamtoa kwenye mikate ya kupeleka wakamweka kwenye kukanda unga. Akaolewa kweli, na mwanamume aliyekuja kwa miguu na kuondoka kwa miguu. Akarudi ng'ambo ya ua, na tangu hapo popote alipokwenda alitembea.

Mzee Nati hakuwa mwongo wa kutunga. Tusimwonee. Ni kwamba kila alipoisimulia habari ya pikipiki, neno moja lilianguka njiani na yeye hakuinama kuliokota. Mwanzoni ilikuwa pikipiki ya dada, aliyopewa na baba. Baadaye ikawa pikipiki aliyopewa na baba. Mwisho ikawa pikipiki ya baba. Alipokuwa akiikarabati alilijaza lile bonde la tangi, akalipiga msasa, akapaka rangi. Shangazi alimwona kutoka dirishani. Siku ile goti lilimuuma mpaka akalifunga kitambaa cha moto.

Jumamosi asubuhi Mzee Nati aliingia jikoni kwa dada yake, akakaa kwenye kigoda kifupi. Akikaa kwenye kigoda kile anataka kitu, hata mkewe alijua.

"Dada."

"Sema."

"Nimewaza. Labda ukikaa nyuma yangu."

"Nikikaa nyuma yako itakwenda. Hilo nimelijua tangu Jumatatu."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja uniombe."

Mzee Nati alijikuna kisigino. "Naomba, dada yangu."

Shangazi aliosha mikono, akaikausha, akamtazama. Alimpenda sana mdogo wake. Alimkasirikia vile vile, kwa muda mrefu kuliko umri wa watu wengi. Vyote viwili vilikaa kifua kimoja, na sasa injini pia ilitaka nafasi.

"Nitapanda," alisema. "Lakini pale watakuuliza ilikuwa ya nani. Huwa wanauliza. Ukiulizwa, useme."

"Ee Dada, hilo nalo ni jambo? Hilo jambo dogo."

"Kama ni dogo halitakushinda."

"Halitanishinda."

"Wenzako watakuwepo."

"Wawepo tu. Mimi nitasema." Na alipokuwa akisema hivyo alimaanisha, mtu asije akadhani alikuwa akimlaghai. Akapewa chai, akainywa yote, akaomba kipande cha mkate.

Walijaribu kwenye kichochoro nyuma ya ua. Shangazi alipanda nyuma, akashika kiuno cha mdogo wake, kiki ikapigwa, akawaka. Mzee Nati akabana klachi, akaingiza gia ya kwanza, akaachia taratibu, na pikipiki ikaondoka. Tairi zilizunguka, cheni ikaimba. Injini ya chuma chini ya miguu yao ilikaa kimya na baridi, nzi ametua juu yake, na yule nzi akasafiri nao mpaka mwisho wa kichochoro. Mkewe Mzee Nati alipiga vigelegele. Binti akasema waongeze upepo gurudumu la nyuma.

Jumapili uwanja ulijaa. Kulikuwa na pikipiki za kila umri, nyingine zimeng'arishwa mpaka zinaumiza macho, nyingine zinavuja oili na wenyewe wanasimama mbele ya dimbwi kulificha. Wazee wa idara ya maji walikuja wote, wamevaa mashati ya pasi, wakasimama pamoja kwenye kamba iliyozungushiwa uwanja. Walimpigia Mzee Nati makofi kabla hajafanya lolote. Walishangaa kidogo kwamba amembeba dada yake, maana wengine wote walikuwa peke yao, lakini mmoja akasema ni heshima, na wote wakakubali kwamba ni heshima.

Mshereheshaji, kijana mwenye suti iliyombana kwapani, alikuja na kipaza sauti chake.

"Mzee wangu! Kifaa hiki! Hebu tupe historia. Nani aliyekuwa na bahati ya kuimiliki hii mashine kwa mara ya kwanza?"

Shangazi alikuwa ameshawaka. Alinguruma polepole nyuma ya mgongo wa mdogo wake, mikono imemshika ubavuni. Mzee Nati akafungua mdomo. Akaona mashati ya pasi kwenye kamba. Akaona wanavyomtazama, ambavyo hawakuwahi kumtazama hata siku moja katika miaka yote ya mita.

"Ilikuwa ya marehemu baba yetu," alisema kwenye kipaza sauti. "Akaniachia mimi, mwanawe wa kiume."

Watu wakapiga makofi.

Shangazi alisikia pistoni ikipanda kifuani na kusimama juu kabisa. Ilisimama pale. Ilitosha aiache. Hakuhitaji kusema neno wala kushuka. Kimya kingeingia uwanjani, mdogo wake angepiga kiki mpaka mguu umfe ganzi, na kila mtu angeona. Binti kwenye kamba aliziba mdomo kwa mkono. Mkewe Mzee Nati alisema kwa sauti ya chini, "Mzime, wifi. Mzime huyo."

Mbele ya Shangazi kulikuwa na masikio mawili. Yalikuwa yameota nywele nyeupe sasa, na yalikuwa mekundu, na hakukuwa na baridi.

Iliuma. Iliuma vibaya, na yeye hakujidanganya kwamba haiumi. Akaiachia pistoni ishuke. Injini ikashika, ikanguruma, Mzee Nati akaingiza gia, na wakazunguka uwanja mzima bila kukata hata mara moja, vumbi likipanda nyuma yao na wazee wa idara ya maji wakirusha kofia. Walipewa kombe la mashine yenye mlio bora. Mzee Nati alilibeba mbele ya kifua njia nzima ya kurudi, akiendesha kwa mkono mmoja, jambo ambalo kwa kawaida humkemea kila mtu akilifanya.

Kombe likawekwa juu ya kabati la vyombo. Mke wa Mzee Nati alilifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Hukusema," alimwambia mumewe.

"Nilitaka kusema. Kelele zilikuwa nyingi."

"Kelele za nani?"

Mzee Nati akajitia hamnazo, akaulizia taulo lake, akaenda kuoga.

Jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa. Binti alifunga saluni mapema, akaja na suruali yake moja pana na helmeti, akaviweka juu ya meza ya Shangazi.

"Vaa, Shangazi. Kaa mbele."

"Baba yako je?"

"Baba anaoga, na akioga anaimba. Tuna muda."

Shangazi alishika ile suruali akaigeuzageuza. Hakuwa amevaa suruali tangu bekari. Akaivaa, akaikunja miguuni, wakaitoa pikipiki uani kimya kimya huku sauti ya Mzee Nati ikisikika bafuni. Alipanda mbele. Mikono ilijua yenyewe pa kwenda. Goti la kulia likatafuta lile bonde kwenye tangi, likakuta pamejazwa, likatulia juu ya rangi mpya. Akapiga kiki moja.

Injini iliwaka chini yake. Chuma chenyewe kilinguruma, eksozi ikatoa pumzi ya moto, nzi akaruka. Kifuani mwake kukawa kimya, kimya kabisa, kama chumba wageni wakishaondoka. Aliweka mkono pale kuhakikisha, akakuta moyo wake tu, unapiga kazi yake.

"Panda," alimwambia binti.

"Hapana, Shangazi. Nenda mwenyewe."

Akaenda. Alishuka barabara ya saluni, akapita mbele ya bekari, ambayo siku hizi ni duka la simu, akapunguza mwendo kwenye lango. Akapita mkahawani, ambapo sasa ni kinyozi. Akapita nyumba yenye mlango wa kijani, ambako bibi mmoja alikuwa akichukua mikate miwili na kusema kila asubuhi kwamba ni midogo. Watu walimwamkia na yeye akawaitikia kwa honi. Akawa analia, machozi yanakwenda nyuma masikioni kwa upepo, na alikuwa na furaha, wala hakuona haja ya kuchagua.

Aliporudi Mzee Nati alikuwa amesimama getini, taulo shingoni, sabuni bado iko kwenye sikio moja. Alisikiliza injini ikinguruma chini ya dada yake. Alisikiliza kwa makini, kichwa upande. Akainama, akaugusa ubavu wa injini kwa kidole, akakiondoa upesi kwa sababu ulikuwa wa moto. Akamtazama Shangazi, na Shangazi akamtazama yeye. Wote walingoja, mkewe mlangoni, binti ukutani. Hata kuku walisimama.

"Nilijua tu," alisema Mzee Nati. "Ni ile skrubu ya kabureta. Niliilegeza asubuhi."

Mkewe alirudi ndani, na sufuria zikasikika zikiwekwa kwa nguvu.

Shangazi alishuka. Hakuzima. Mzee Nati akapanda kwa shauku, akashika usukani, na alipotua tu kwenye kiti chuma kikanyamaza. Akapiga kiki. Shangazi, ambaye alikuwa akifungua helmeti, akashika nguzo ya geti, akawaka.

"Imerudi," alisema.

"Si kitu," alisema Mzee Nati. "Kesho nitaifungua tena."

Kesho yake aliifungua, na keshokutwa pia. Siku hizi haifungui sana. Kila Jumamosi, kazi za asubuhi zikiisha, anavuka ua amevaa viatu vya ngozi, anasimama mlangoni na kusema, "Dada, jiandae." Shangazi anafunika chungu, anavaa ile suruali, ambayo binti alimwachia moja kwa moja, na wakati mwingine anamwambia, "Leo nikae mbele mimi." Mzee Nati anacheka kwa upendo kabisa. "Dada, kwa umri huu? Ukianguka nitamwambia nini mtu?" Anamfungia kamba ya helmeti chini ya kidevu, anaivuta kuhakikisha haimkabi, anamshika mkono mpaka aketi vizuri nyuma. Anajua kumtunza, hilo hakuna anayelikataa.

Wanashuka barabara ya saluni. Kwenye duka la simu injini inapungua yenyewe, nusura kusimama. Inapungua tena kwa kinyozi. Kwenye mlango wa kijani inapungua kabisa, Mzee Nati anateremsha mguu mmoja chini, anangoja, na baada ya muda kidogo, ambao unamtosha mtu kushusha mikate miwili na kulalamikiwa, inashika tena.

"Inasita hapa hapa kila mara," alisema Mzee Nati Jumamosi iliyopita, akilipigapiga tangi. "Kabureta hii. Nitaiangalia."

"Iangalie, mdogo wangu," alisema Shangazi, akamshika kiuno vizuri, akamwongezea mafuta.